Tupeane uzoefu: mliobaki na shamba moja la familia bila kuligawa, mnaishije?

Mwana wa Mfongo:
Wakuu habari zenu. Huu uzi ni wa wale ambao wazazi waliacha shamba dogo, watoto wengi, na mkaamua msilikate vipande. Naanza mimi, nisije nikaonekana nimekuja kuchungulia ya wenzangu tu.

Kwetu ni Kibosho, Kilimanjaro. Kihamba, yaani shamba la ukoo la nyumbani, ni ekari moja na kidogo, tuko watano. Tukigawana, kila mmoja anapata pa kujenga nyumba na kufuga kuku, na kihamba kimekufa hapo hapo. Miti ya kivuli iko juu, chini yake migomba, chini ya migomba kahawa, chini kabisa magimbi na maharage. Ng'ombe yuko bandani anakula majani ya migomba na vigogo vilivyokatwakatwa, samadi yake inarudi shinani. Piga ukuta katikati uone: mmoja kabaki na ng'ombe asiye na majani, mwingine ana migomba isiyo na mbolea. Na zamu ya maji ya mfongo, mfereji wetu wa asili, ni moja, sijui mtaigawa saa ngapi kwa ngapi.

Kimila kitinda mimba ndiye anayebaki na nyumba ya wazazi, hilo hatukubishana. Mdogo wetu wa mwisho yuko pale na mkewe. Tulichoongeza sisi ni dada zetu wawili, ambao zamani wasingehesabiwa. Baba mdogo alinuna kikao kizima, akamaliza mbege yake, akaondoka bila kuaga. Siku hizi anatusalimia.

Makubaliano yako kwenye daftari na kila mtu kasaini. Maziwa, mboga na ndizi za kula ni za anayekaa. Hela ya kahawa inaingia akaunti ya pamoja. Inatoa vibarua, dawa na miche, kinachobaki tunagawana Desemba tukishafika wote nyumbani. Ukija kusalimia una mkungu mmoja. Wa pili unaomba.

Sasa ugomvi. Msicheke, tuligombania mavi ya ng'ombe. Ng'ombe alinunuliwa na dada yetu wa Arusha. Kwa mila ya kuwekesha ng'ombe, anayemlisha ndiye mwenye maziwa na samadi, mwenye ng'ombe anasubiri ndama. Basi mdogo wetu akawa anauza samadi kwa jirani mwenye nyanya, na kimila alikuwa na haki yake. Mwaka wa pili migomba yetu ya mshare ikaanza kutoa mikungu ya kuonea aibu. Tukaitana. Tumekaa tangu mchana mpaka giza, kila mtu anataja mila inayomfaa. Mwishoni shemeji, mke wa mdogo wetu, akaja na chai, akauliza: "Hiyo samadi mnayogombania, nani kati yenu ameshawahi kuizoa?"

Kimya. Miaka miwili tulikuwa tumeandika kila kitu kwenye daftari, kasoro kazi ya yule mama. Tangu siku ile analipwa kila mwezi kutoka hela ya kahawa, na samadi haitoki nje ya kihamba. Karibuni.

Kijiti:
Nimekaa pale nasubiri wenye mashamba. Sie wa kupanga tunasoma tu.

Omwisiki wa Kibanja:
Mkuu umenigusa. Sisi ni Muleba, Kagera, kibanja cha baba, yaani shamba la migomba la nyumbani, watoto sita, wanne wanawake. Wanaosema mwanamke hana lake kwenye ardhi ya ukoo mimi huwa nawakumbusha kesi ya Holaria Pastory, Mahakama Kuu Mwanza, 1990. Alirithishwa shamba na baba yake kwa wosia, akaliuza kwa mtu wa nje ya ukoo, mpwa wake akafungua kesi lirudishwe. Jaji Mwalusanya akasema mwanamke ana haki ya kuuza kama mwanamume. Huko kwetu kuna wazee hadi leo wanaisimulia kama msiba.

Ila kilichotutesa sisi si mila, ni panga. Mnyauko unyanjano wa migomba uliingia Kagera 2006, na ugonjwa ule unatembea na chuma. Sisi tukiwa sita, kila aliyekuja kuchukua ndizi alikuja na panga lake, katoka nalo kwa wakwe, kwa jirani, anajua yeye. Yaani kushirikiana kwetu ndiko kulikokuwa kunaua migomba! Tulipoteza upande mzima wa chini, tukang'oa na kufukia.

Sheria yetu sasa: kibanja kina panga lake, halitoki, na mgeni haingii na la kwake hata akiwa kaka mkubwa. Ukikata shina moja unapitisha panga kwenye moto kabla ya kwenda la pili. Tumba la chini la mkungu linavunjwa kwa kijiti chenye panda, chuma hakigusi. Kaka mkubwa alisema tunamdhalilisha. Tukamwonyesha upande wa chini.

Kijiti:
Hii ya panga imenifungua macho, dada.

Mchambua Makonyo:
Assalaam alaykum. Sie Pemba tuna jambo lenu na zaidi, kwani huku mti unaweza kuwa na mwenyewe na ardhi ikawa na mwenyewe mwengine. Baba katuachia mikarafuu na mama yuko hai, ana thumni yake, moja ya nane, kisha mwanamume mafungu mawili, mwanamke moja. Mwanzo tukagawana miti: huu wako, ule wangu.

Ikawa balaa. Mkarafuu haukubali kuzaa vizuri kila mwaka. Ukizaa sana mwaka huu, unaofuata unapumzika. Mwaka wa kwanza ndugu yangu kajaza magunia, mimi nimepata cha kutia mkononi. Na hakuna aliyepalilia chini ya mti wa mwenziwe, magugu yakapanda mpaka wachumaji wakawa wanaogopa nyoka.

Tukarudi tukafanya shamba moja. Tunachuma wote, wachumaji wanalipwa kwa pishi, tunaanika kwenye majamvi uwani kwa mama, tunauza ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, kisha ndipo fedha zinagawiwa kwa mafungu ya mirathi. Makonyo, vile vikonyo vya karafuu, ni ya mama peke yake, hayaingii kwenye hesabu. Hilo hatukuliandika popote na hajalihoji mtu.

Jirani wa Mbale:
Nawaonea wivu, kwetu ilishindikana. Vihiga, Kenya, chini ya ekari moja, ndugu wanne, na title ilikuwa bado kwa jina la babu. Tulijaribu kulima pamoja miaka mitatu. Shida yetu ilikuwa ukulima wa simu: ndugu wa Nairobi anatuma pesa ya mbegu na anataka picha kila Jumapili, mimi niliye shambani ndiye naambiwa mahindi yamechelewa kwa nini. Mvua haina WhatsApp.

Tukagawana. Kilichoniuma ni ile sukuma-vuta tuliyofundishwa na watu wa icipe, taasisi ya utafiti wa wadudu: desmodiamu katikati ya mahindi inafukuza nondo wa funza wa mabua na kuzuia kayongo, lile gugu linalonyonya mizizi ya mahindi, nyasi za nepia pembeni zinawavuta hao nondo, na vyote viwili ni chakula cha ng'ombe. Shamba likiwa moja ilikuwa imekubali vizuri sana. Kwa vipande vinne, ukizungushia nepia huna pa kupanda mahindi. Wenzangu wakang'oa. Kayongo imerudi na maua yake ya zambarau, mazuri kweli ukiyaangalia kutoka mbali.

Mwana wa Mfongo:
Pole sana ndugu. Na nyie mlikuwa mnamlipa aliyebaki shambani?

Jirani wa Mbale:
Nani? Mimi? Nililipwa kwa kuambiwa asante mwisho wa mwaka.

Mama Shirika:
Mtoa uzi, maswali mawili. Mna hati? Na anayetaka kutoka anatokaje? Sisi wanne tumekwama hapo hapo.

Mwana wa Mfongo:
Hati tunayo, hatimiliki ya kimila ya kijiji kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, majina yote matano na kila mmoja ana fungu lake. Kwenye kuomba tuliambiwa tuwe wazi kwamba tunamiliki kwa mafungu, maana hapo mmoja akifa fungu lake linakwenda kwa warithi wake, halibaki kwa ndugu. Wake na waume zetu ndilo walilouliza kwanza.

Kutoka, amejaribu mmoja tu. Kaka yetu wa Dar alikwama ada ya mtoto, akataka kuuza fungu lake, na mnunuzi wa nje alikuwa naye tayari. Kwenye daftari tuliandika wa ndani waulizwe kwanza, lakini hatukuwa na hela ya kununua ardhi. Tukanunua kahawa yake: mgawo wake wa misimu mitatu tulimpa mkononi siku ile ile, kwa kuchangishana, na fungu likabaki jina lake.

Msimu wa tatu ndio huu. Juzi kapiga simu anaulizia bei ya kahawa.