Mikanda ya alumini ya Beetle imepauka, nafanyaje?

Kiroboto_Dar: Wakuu, heshima kwenu. Beetle ya 1970, injini safi, rangi safi, ila mikanda ya alumini ya ubavuni imepauka, ukungu mweupe na madoadoa. Nimeisugua na polishi ya vyuma mpaka mkono umekufa ganzi, kitambaa hakijawa hata cheusi. Msaada, ni haraka.

Fundi Nati: Kitambaa kingekuwa cheusi ungekuwa umeigusa alumini. Hapo unasugua utando. Kiwandani mikanda hiyo ilizamishwa kwenye tindikali ya salfa, ikapitishiwa umeme, ikaota oksaidi ngumu kuliko alumini yenyewe. Gusisha ncha za mita ya kupimia umeme: umeme haupiti. Utando ukishapauka haung'ari, unavuliwa kwa kostiki (ile soda kali ya kutengenezea sabuni), kisha msasa wa maji kuanzia namba 400 kwenda juu, ndipo polishi. Baada ya hapo ni klia (rangi ya juu isiyo na rangi) au nta, la sivyo chumvi ya pwani itaipausha upya.

MamaSabuni: Kostiki ndiyo kazi yangu. Usiichanganyie kwenye sufuria ya alumini, itatoboka unaiangalia. Na tia kostiki kwenye maji, si maji kwenye kostiki.

Mzee404: Beetle! Sisi tulikuwa watu wa Peugeot 404. Ilibeba Safari Rally 1963, 66, 67 na 68, na mbili za katikati dereva alikuwa Bert Shankland wa hapa hapa Tanzania. Nani alijali mikanda? Tope tupu.

Dogo Janja wa Temeke: Bandika stika nyeusi, kesi imeisha.

Fundi Nati: Mleta mada, mikanda umeshaitoa kwenye gari? Na gari la nani? Haraka yako inanitisha.

Kiroboto_Dar: Bado ipo kwenye gari, naogopa kukata vibanio. Gari la baba mkwe, kasafiri, anarudi Jumapili. Nataka akute linang'aa. Kostiki nimeshanunua, rangi nitaiziba kwa selotepu. Sioni tatizo.

Fundi Nati: Selotepu! Kostiki itapenya chini yake na kubabua rangi. Tena ikikutana na alumini inatoa haidrojeni, atakayewasha sigara hapo shauri yake. Toa mikanda kwanza.

Mkaguzi: Hii chai. Mwezi jana ulifungua uzi wa kutafuta mchumba. Baba mkwe katoka wapi?

Kiroboto_Dar: Nimepata. Posa imepokelewa, bado mahari.

MamaSabuni: Mahari bado, na unataka kuchubua gari la mzee? Mwanangu, acha.

Mkaguzi: Weka picha.

Dogo Janja wa Temeke: Leteni maandazi jamani, chai ishaiva.

Kiroboto_Dar: Mkanda mmoja nimeutoa kwa mwiko wa mbao, kibanio kizima. Fundi, mita niweke alama gani?

Fundi Nati: Ya ukinzani.

Mkaguzi: Picha.