Jibu: Mtoto kapangiwa mikondo ya bahari, nianzie wapi?

> Assalaam alaykum. Mwanangu yuko darasa la nane hapa Minnesota. Kwenye Science Olympiad, mashindano ya sayansi ya shule, kapangiwa Dynamic Planet, mtihani wa sayansi ya dunia, na mada ni bahari. Kitabu kinene, mimi mwenyewe sijui nimsaidie vipi.

Waalaykumu salaam dada,

Anzia nyumbani. Binti yangu alipita hapo hapo, nasi tuko Columbus, mbali na bahari. Alikwama kwenye swali la mazoezi: mkondo gani hugeuka kwa kufuata majira? Nikamwambia ampigie babu yake Lamu. Mzee hakutaja jina la mkondo wowote. Alimweleza kwamba kusi likivuma, tangu Aprili mpaka Oktoba hivi, maji huvuta kwenda juu, Usomalini. Kaskazi likishika, maji ya huko huteremka. Basi huo ndio Mkondo wa Somalia. Wakati wa kusi kasi yake hupita mita 2 kwa sekunde.

Kusi hilo hilo hufunza jambo la pili. Dunia inazunguka, kwa hiyo kaskazini mwa ikweta maji ya juu husukumwa kuumeni kwa upepo. Pwani ya Somalia kuumeni ni bahari kuu. Maji ya juu yakiondoka, ya chini yenye baridi hupanda na rutuba yake, samaki wakapata chakula. Mwache aichore mwenyewe kwa mishale.

Kupwa na kujaa anavijua kwa Kiswahili? Bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, ni mwezi mwandamo na mwezi mpevu; maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, ni nusu mwezi. Sisi tulibandika michoro hiyo mlangoni mwa friji.

Halafu fanyeni hili jikoni. Gandisha barafu yenye rangi ya chakula. Chukua bakuli mbili za kioo, zote maji ya vuguvugu, moja ukoroge chumvi mpaka ikolee. Tia kipande kila bakuli, msitikise. Kaeni kimya mtazame.

Mtihani wanafanya wawili wawili, kwa hiyo mtafutie mwenzake mapema wasome pamoja.

> Shukrani sana kaka. Tumefanya jana usiku kwa rangi ya buluu. Kwenye maji matamu ilishuka kama uzi, ikatambaa chini ya bakuli. Kwenye chumvi ilibaki juu, utando mwembamba. Kijana kaniuliza: basi barafu ya Greenland ikiyeyuka baharini, maji yake nayo hukaa juu? Leo kaamka kabla yangu, anasoma.