Wauzaji wa Mwanza tunalipishwa hewa: utaratibu wa ghala la Dar es Salaam unatumaliza mtaji

Ndugu wanajukwaa,

Nimefungua uzi huu nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Sisi tunaouza kupitia soko moja la mtandaoni, ambalo sitalitaja jina, tumewekewa utaratibu unaotulazimu kuhifadhi bidhaa zetu katika ghala lao lililoko Dar es Salaam ili zipewe alama ya kufikishwa haraka na zionekane juu kwenye orodha. Asiyepeleka mzigo wake huko anasukumwa chini kabisa, mahali ambapo mnunuzi hafiki. Matokeo yake ni kwamba mama wa Igoma akiagiza pakiti ya dagaa waliokaushwa na kufungashwa hapa hapa Kirumba, pakiti hiyo inakuwa imekwisha kusafiri zaidi ya kilometa 1,100 hadi Dar es Salaam, imekaa ghalani kwa malipo, kisha inarudishwa kwa barabara ile ile kupitia Dodoma, Singida na Shinyanga hadi ilikotoka. Safari zote mbili tunazilipia sisi wauzaji, na hakuna hata mmoja wetu aliyeziomba.

Ankara yenyewe haisaidii kitu. Kupokea mzigo, kuuhifadhi, kuutoa kwenye rafu, kuufungasha, kuusafirisha na kuurudisha ni kazi tofauti zenye gharama tofauti, lakini zote zimerundikwa katika mstari mmoja ulioandikwa "gharama za uendeshaji". Muuzaji anayepokea ankara ya namna hiyo atajuaje apunguze wapi? Juu yake inakuja kodi ya ongezeko la thamani, ambayo wengi wetu haturudishiwi kwa sababu biashara zetu ni ndogo na hatujasajiliwa kwa kodi hiyo.

Niruhusuni nieleze kwa kirefu suala la ukubwa wa katoni, kwa kuwa huko ndiko fedha nyingi zinakopotelea. Wasafirishaji wa vifurushi hulinganisha uzito halisi na uzito wa ujazo, kisha hutoza ule ulio mkubwa. Uzito wa ujazo hupatikana kwa kuzidisha urefu, upana na kimo cha katoni kwa sentimita, halafu kugawanya kwa 5,000, ingawa wapo wanaogawanya kwa 6,000. Mimi nauza vikapu vya kufuma, na kikapu kimoja hakifiki kilo moja. Huvituma vikiwa vimepachikwa kimoja ndani ya kingine, vimefungwa kamba ya katani, na karatasi nyembamba imewekwa katikati ili rangi zisichujiane. Vikifika ghalani vinachomolewa, na oda inapoingia kila kikapu kinatiwa katika katoni yake ya sentimita 40 kwa 40 kwa 30, huku nafasi inayobaki ikijazwa karatasi zilizofinyangwa. Pigeni hesabu wenyewe: katoni hiyo ina uzito wa ujazo wa kilo 9.6. Mteja aliyeagiza vikapu vitatu anapelekewa katoni tatu, na mimi nakatwa nauli ya kilo 28.8 kwa mzigo ambao mizani ingeusoma chini ya kilo tatu. Vikapu hivyo hivyo vikiachwa vimepachikwa vinaingia katika katoni moja yenye kimo cha sentimita 35, yaani kilo 11.2. Kilo 17.6 zinazobaki ni hewa na karatasi, na nimewaandikia mara kadhaa nikiambatanisha picha na vipimo bila kupata jibu lolote la maana.

Ada ya kuhifadhi nayo ina dosari ya aina hiyo. Tunatozwa nafasi nzima ya paleti, yaani jukwaa la mbao la kupangia mzigo, hata kama katoni zetu zimekaa kwenye kona moja tu, wakati njia ya haki ni kutoza kwa ujazo unaotumika kweli. Amazon, ambao walianza huduma ya kuwahifadhia na kuwafungashia wauzaji wengine mwaka 2006, hutoza nafasi kwa ujazo, na huko Marekani nyongeza yao ya ada kwa mzigo uliokaa muda mrefu huanza baada ya siku 180, kwa viwango vinavyochapishwa wazi. Sisemi kwamba bei zao ni nafuu. Wauzaji wao pia wanalalamika. Nasema muuzaji wao anajua mapema kinachomsubiri, ilhali sisi nyongeza hiyo tuliiona kwa mara ya kwanza tulipokwisha kukatwa.

Kuhusu dagaa, ambao nawauza pia, nashindwa kuandika kwa utulivu. Katoni ziliwekwa sakafuni, zikaegemezwa ukutani, katika jiji lenye unyevu wa bahari. Mzigo mpya ulipofika ulipangwa mbele, karibu na mlango, na ndio uliokuwa unatolewa kila oda ilipoingia, ule wa zamani ukabaki nyuma hadi ukapitisha tarehe yake. Mwenye duka la rejareja Mabatini anajua kwamba kinachokaribia kwisha muda ndicho kinachotangulia kutoka. Ghala linalojiita la kisasa halikulijua hilo, kisha likanitoza ada ya kuhifadhi mzigo ulioharibika na ada nyingine ya kuuteketeza.

Mteja akikataa kifurushi mlangoni, nauli ya kwenda na ya kurudi ni yetu pia, hata pale ambapo hakupigiwa simu kabla mzigo haujatoka.

Tunachokitaka kinawezekana. Kiwepo kituo kidogo cha kuhifadhi na kufungasha hapa Mwanza, kwa mfano Nyakato, ambako eneo la viwanda na maghala tayari lipo. Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, gari la Geita, Sengerema au Bukoba halisubiri tena kivuko, na mabasi ya Musoma na Shinyanga yanapita kila siku. Kama hawataki kufungua kituo, basi watuachie tutume wenyewe bila kutushusha kwenye orodha. Kifurushi kikikabidhiwa kwa basi stendi ya Nyegezi asubuhi, mteja wa Geita anakipokea siku hiyo hiyo kwa kuonyesha namba ya risiti, na biashara ya ukanda huu imekuwa ikienda hivyo kwa miaka mingi. Wauzaji kadhaa tuko tayari kuchangia kodi ya stoo moja, mlinzi, mizani na meza ya kufungashia, na kununua katoni za vipimo vitatu au vinne kwa jumla moja kwa moja kutoka kwa mtengenezaji. Kamisheni yao ya mauzo wataendelea kuipata kama kawaida.

Jibu pekee tulilopewa ni kwamba oda za Kanda ya Ziwa ni chache mno. Zitaongezekaje ikiwa mnunuzi wa Pasiansi anaonyeshwa nauli inayokaribia bei ya bidhaa, na anaambiwa asubiri wiki nzima kitu kilichotengenezwa mtaa wa pili?

Tunaandaa barua ya pamoja kwa uongozi wa soko hilo, na nakala itakwenda Tume ya Ushindani. Wauzaji wa Mwanza, Geita, Bukoba, Musoma na Shinyanga wenye ankara za karibuni naomba waziweke hapa, wakiwa wamefuta majina na namba za simu za wateja, na waandike pembeni vipimo vya katoni iliyotumika pamoja na uzito halisi wa bidhaa iliyokuwamo.