Vyura wa kidato cha sita: tuendelee kuwapasua au tuache?

Mwalimu wa baiolojia, Tabora:
Wenzangu, idara yetu imegawanyika. Kila mada ya uratibu wa mwili (jinsi viungo vinavyoongozwa na neva, yaani nyuzi za kupeleka ujumbe, na homoni, yaani kemikali zinazosafiri kwa damu) ikifika, wanafunzi hutumwa kukamata vyura, kila kundi wa kwake, wapasuliwe huku moyo ukidunda. Mimi nasema tuache. Chura anakufa, na mwanafunzi anatoka na sentensi ileile aliyoingia nayo: neva haraka, homoni polepole. Kasi haithibitishi kitu! Adrenalini, ambayo ni homoni, ikichomwa kwenye mshipa, moyo unaenda mbio dakika hiyohiyo.

Uthibitisho kwamba ujumbe unaweza kupita kwa damu bila neva ni ule wa London, 1902. Wanasayansi Bayliss na Starling walimlaza mbwa kwa dawa, wakakata neva za kipande cha utumbo mwembamba, wakabakiza mishipa ya damu. Wakatia asidi kwenye kipande hicho, kongosho likatoa majimaji yake. Maabara ya Pavlov, mwanasayansi wa Urusi, ilikuwa ikishikilia kuwa hiyo ni kazi ya neva, na mtu angeweza kubisha: mna hakika mmezikata zote? Ndiyo maana walikwangua utando wa ndani wa utumbo, wakausaga na asidi, wakachuja, wakachoma kwenye damu. Kongosho likatoa tena. Asidi peke yake kwenye damu haikufanya hivyo. Mantiki hiyo inafundishika kwa chaki.

Fundi wa maabara, Kigoma mjini:
Mwalimu, kwa heshima, mbwa yule ndiye aliyekupa cha kuandika ubaoni. Na mwanasayansi Loewi je, 1921? Alisisimua neva ya vagasi, itokayo ubongoni, kwenye moyo wa chura, ukapunguza mwendo. Maji yaliyokuwa ndani ya moyo huo akayatia kwenye moyo wa chura mwingine, nao ukapunguza. Neva yenyewe inatoa kemikali! Mtoto asipoona kwa macho atakariri tu.

Muuguzi, Ujiji:
Shikamoo mwalimu. Mbona mnawasahau binadamu? Tangu daktari Barnard apandikize moyo Cape Town mwaka 1967, tuna watu ambao neva za moyo zimekatwa. Mtu huyo akianza kupanda ngazi, mapigo hayaruki. Yanapanda taratibu, adrenalini inapofika kwa njia ya damu, na akikaa yanachelewa kutulia. Sisi tukisimama ghafla yanaongezeka papo hapo. Wanafunzi wajipime kwenye kifundo cha mkono, wamekaa kisha wamesimama, halafu walinganishe na maelezo ya mgonjwa huyo.

Mwalimu wa baiolojia, Tabora:
Marahaba, muuguzi. Hilo naliingiza kwenye andalio la somo, halina gharama.

Fundi, Loewi alijua anatafuta nini kabla ya kushika kisu. Wetu hawajui. Kama chura ni lazima, basi awe mmoja kwa darasa zima, alazwe kwa dawa, na kila mwanafunzi aandike kwanza: ikiwa ni neva nitaona nini, ikiwa ni homoni nitaona nini, na nikate au nichome nini ili kuzitenganisha. Makundi kumi, vyura kumi, sikubali.

Shule za Kasulu na Nzega, ninyi mnafanyaje?