Gari la rimoti linagonga tumbo likitua na mkia unachomoka kwenye kona: nianze na springi au oili?

Swali

Habari za wakati huu, ndugu zangu. Nina gari la rimoti la umeme la kipimo cha 1/10, linalosukumwa na magurudumu ya nyuma pekee, ambalo ninaliendesha kwenye udongo mgumu wenye vumbi juu na vilima viwili vya kurukia. Shokapu zake ni za oili, zenye springi kwa nje na ringi ya kuzungusha inayoikaza springi kutoka juu.

Shida ya kwanza ilikuwa kishindo: kila gari lilipotua, chesi, yaani bamba la chini la gari, iligonga chini kwa mlio mkali. Kwa kuwa nilitaka springi ziwe ngumu zaidi, nilizungusha ringi za nyuma mpaka zikashuka milimita 9 kutoka juu, na za mbele milimita 6. Kishindo kilipungua kidogo tu, lakini tangu hapo mkia unachomoka kila ninapoachia trega (kitufe cha mwendo kwenye rimoti) katikati ya kona. Nikaweka oili nzito zaidi kwenye shokapu za nyuma, na hapo ndipo nilipoharibu kabisa, kwa sababu sasa kwenye matuta madogo madogo gari linarukaruka kana kwamba limefungwa magurudumu ya mbao. Nina springi za ugumu wa aina tatu na chupa kadhaa za oili. Naomba mnielekeze nianzie wapi, maana kila ninachogusa kinazidisha tatizo.

Jibu la kwanza

Ndugu muulizaji, anza kwa kurudisha ringi, kwa sababu ndizo zilizokuchomoa mkia. Wengi wetu tulianza na kosa hilohilo la kudhani kwamba kukaza ringi ni kuifanya springi kuwa ngumu. Springi inayohitaji nguvu fulani ili ibonyee milimita 1 itaendelea kuhitaji nguvu ileile hata ukiizungusha ringi mpaka mwisho wa uzi wake. Kinachobadilika ni kimo ambacho gari husimama. Kishindo chako kilipungua kidogo kwa sababu chesi imeinuka na sasa ina safari ndefu kidogo kabla ya kufika chini, wala si kwa sababu nyingine.

Sasa tazama ulicholipa kwa milimita hizo. Gari likiwa limesimama, shokapu inapaswa kuwa mahali fulani katikati ya safari yake, ili iweze kubonyea gurudumu linapokutana na tuta na pia kunyooka gurudumu linapokutana na shimo. Ulipoliinua gari kwa ringi, shokapu za nyuma zilikaribia kunyooka kabisa, na mikono ya chini inayoshika magurudumu haikubakiwa na nafasi ya kushuka. Unapoachia trega kwenye kona, uzito unahamia mbele na nyuma ya gari inainuka. Gurudumu la ndani ya kona, ambalo lingepaswa kuufuata udongo kwa kushuka, linaning'inia, na kazi yote inaachiwa tairi moja la nje. Tairi hilo likishindwa, mkia unakwenda. Oili nzito uliyoiongeza imelichelewesha hata gurudumu lililokuwa na nafasi ndogo ya kushuka, na ndiyo maana matuta madogo yanalirusha gari badala ya kumezwa.

Liweke gari mezani likiwa na betri yake ndani, linyanyue nyuma kiasi cha sentimita 15, uliachie, kisha ufanye vivyo hivyo mbele, ili sasipensheni itulie yenyewe. Pima kutoka mezani hadi chini ya chesi. Kwa gari la aina yako kwenye udongo, mimi huanza na milimita 22 hadi 24 mbele na nyuma, na mara nyingi shafti za kuendeshea magurudumu ya nyuma huwa karibu kulala sawa na meza katika kimo hicho. Ikiwa kukifikia kimo hicho kunakulazimu kukaza ringi kupita kiasi, hapo ndipo springi yenyewe ni laini mno na unahitaji nyingine. Na ikiwa ringi iko juu kabisa na gari bado limesimama kama farasi, springi ni ngumu mno.

Baada ya hapo usiguse kitu kingine mpaka umeliendesha. Badilisha jambo moja, endesha betri moja, andika, ndipo ubadilishe jingine. Najua inachosha, lakini mtu aliyebadilisha ringi na oili kwa pamoja hawezi kujua ni kipi kati ya hivyo kilichomponza.

Jibu la pili

Nakubaliana na aliyetangulia kuhusu ringi, ila mimi ningezifungua shokapu kabla ya kupima chochote, kwa sababu kupima kimo juu ya shokapu zisizolingana ni kupoteza muda.

Vua zote nne na uziondoe springi. Chukua mbili za nyuma, moja kila mkono, ukutanishe ncha za shafti zao (vile vyuma vyembamba vinavyoingia na kutoka kwenye shokapu) na usukume polepole. Zikiwa sawa, zitaingia kwa pamoja. Moja ikitangulia kuingia, hiyo ina oili pungufu au ina hewa. Kisha zipeleke haraka ndani na nje karibu na sikio: ukisikia mlio wa kubwatabwata kama mguu unaokanyaga tope, hewa imechanganyika na oili, na pistoni, kile kisahani chenye matundu kwenye ncha ya ndani ya shafti, inapita kwenye povu ambalo halizuii kitu. Shokapu ya namna hiyo ndiyo inayoiacha chesi igonge chini, hata kama chupa ya oili uliyotumia ilikuwa sahihi.

Kuitoa hewa hakuhitaji ufundi mkubwa bali subira. Jaza oili mpaka karibu na ukingo huku pistoni ikiwa chini, ipandishe na kuishusha polepole ili mapovu yaliyojificha chini yake yapande, halafu iache shokapu imesimama wima kwa dakika 10. Wanaoharakisha hatua hii ndio wanaorudi wiki inayofuata na tatizo lilelile. Mapovu yakiisha, ongeza oili, weka kifuniko, na wakati wa kukifunga isukume shafti ndani kidogo kidogo ili oili iliyozidi itoke badala ya kubaki na shinikizo ndani. Zote mbili za nyuma zifungwe shafti ikiwa mahali palepale, la sivyo moja itakuwa inajirudisha nje kwa nguvu kuliko mwenzake.

Mwisho, zinyooshe na uzipime urefu kwa kalipa (kipimo cha taya cha milimita), kutoka tundu la juu hadi tundu la chini. Tofauti ya milimita 1 kati ya kushoto na kulia inaonekana ndogo mezani, lakini kwenye kona gari litapinda upande mmoja vizuri na upande wa pili vibaya.

Muulizaji

Nawashukuru sana. Nimefanya jaribio la kuzikutanisha shafti, na shokapu ya nyuma kushoto iliingia yote kabla ya mwenzake kusogea. Nilipoifungua, oili ilikuwa imepungua karibu robo na oringi ya chini, yaani kipete cha mpira kinachozuia oili kuvuja, ilikuwa imechanika. Urefu nao ulitofautiana kwa milimita 1.5, kwa sababu kichwa cha plastiki cha upande mmoja hakikuwa kimezungushwa mpaka mwisho. Kabla sijajaza upya, naomba kuuliza: kwenye chupa moja imeandikwa 35 na kwenye nyingine, ya kampuni tofauti, imeandikwa 350. Je, zinalinganishwaje?

Jibu la tatu

Namba ndogo, kama hiyo 35, ni daraja la uzito, na kila mtengenezaji ana desturi yake, kwa hiyo 35 ya huyu inaweza kuwa nyepesi au nzito kuliko 35 ya yule. Namba kubwa, inayoandikwa pamoja na herufi cSt (sentistoki), ni kipimo halisi cha mnato. Maji ya kawaida yana takriban 1, kwa hiyo unaweza kujenga picha ya ulicho nacho. Chagua njia moja ya kuhesabu na ubaki nayo, na ikiwezekana ubaki na cSt.

Ningependa kuongeza jambo ambalo wenzangu hawajaligusa, nalo ni matundu ya pistoni. Pistoni yenye matundu 2 ya milimita 1.6 na pistoni yenye matundu 3 ya milimita 1.3 zina eneo la wazi linalokaribia kulingana, kama milimita 4 za mraba kila moja, na bado oili haipiti kwa urahisi uleule, kwa kuwa tundu jembamba huibana zaidi kuliko eneo lake linavyoonyesha. Matundu madogo yenye oili nyepesi yanaweza kukupa shokapu inayohisi laini mkononi unapoisukuma polepole, lakini gari linapotua kwa kasi oili haiwahi kupita na shokapu inakuwa kama imefungwa. Hilo linasaidia kwenye vilima vya kurukia, na linaumiza kwenye matuta ya mfululizo. Kwa njia yako yenye vilima viwili tu, nisingeanzia huko.

Muulizaji

Narudi na matokeo. Nimebadilisha oringi za shokapu zote nne, nimejaza oili ya 350 mbele na nyuma, nimesawazisha urefu, na ringi za nyuma sasa zimeshuka milimita 3 tu. Kimo ni milimita 23 pande zote. Mkia umetulia kiasi kwamba naweza kuachia trega katikati ya kona bila wasiwasi, na kwenye matuta gari linapita chini likiwa tulivu. Nyuma haigongi tena. Mbele bado inagusa chini kwenye kilima kikubwa, kwa mlio mdogo. Nifikirie springi ngumu zaidi?

Jibu la kwanza

Kugusa kidogo kwenye kilima kikubwa si kosa. Maana yake ni kwamba unaitumia safari yote ya shokapu. Ukiamua kupunguza, panda hadi 400 mbele kabla ya kufikiria springi, kwa sababu springi ngumu mbele itakupunguzia usukani unapoingia kwenye kona. Na baada ya betri mbili za kwanza, zipanguse shafti kwa kitambaa cheupe: oringi mpya wakati mwingine huvuja kidogo kabla ya kukaa sawa, na upande wa kushoto ndio wa kuutazama.