Nasoma usiku kucha, kwenye mtihani sikumbuki kitu. Msaada wakuu

Msuli Usiku: Wakuu habari zenu. Nipo chuo, mwaka wa pili. Napiga msuli hadi alfajiri, desa nalimaliza, nikiingia kwenye mtihani kichwa cheupe. Sapu za kurudia mitihani ninazo tayari, zikiongezeka nadisko, chuo kwaheri. Kuna dawa ya kuongeza kumbukumbu?

Mzee wa Bandarini: Kijana, sisi madrasa tulihifadhi juzuu nzima bila dawa. Kila asubuhi maalim anakusikiliza la jana kwanza, ndipo akupe jipya. Simu ndizo zinawamaliza.

Tabibu Mtarajiwa: Mkuu, unalala saa ngapi?

Msuli Usiku: Usingizi si tatizo. Nimeuliza dawa.

Tabibu Mtarajiwa: Jibu swali.

Msuli Usiku: Sawa, silali. Kuna vidonge jamaa wa hosteli ananiuzia, ukimeza macho makavu hadi asubuhi. Msinihukumu, ada analipa mama kwa kuuza mchicha. Na pakiti ya wiki hii nimeshailipia.

Mama Neema: Jasho la mama yako ndilo linanunua vidonge? Mwanangu, tubu.

Tabibu Mtarajiwa: Achana navyo. Unaposoma, seli ya ubongo inamwaga glutamati, kemikali ya kupeleka ujumbe, kwenye sinapsi, pale inapopakana na mwenzake. Seli hizo mbili zikiamka pamoja, vipokezi vya NMDA, yaani milango kwenye seli inayopokea, vinafunguka, kalsiamu inaingia, na seli inayopokea inajiongezea vipokezi vya aina nyingine, AMPA, vya kuinasa glutamati. Hapo kiungo kati ya seli hizo kimepata nguvu. Watafiti Bliss na Lømo walilionyesha kwa sungura mwaka 1973: walipitisha umeme kwa muda mfupi kuelekea hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu, viungo vikabaki na nguvu kwa saa kadhaa. Ila ili nguvu hiyo idumu, seli lazima itengeneze protini mpya, na usingizi una sehemu kubwa katika kuiimarisha kumbukumbu. Wewe unajenga usiku, saruji huipi muda ikauke. Soma, lala, rudia kesho, rudia tena baada ya siku kadhaa.

Kiroboto: Mimi naona chai hapa. Sapu, vidonge, mama muuza mchicha, vyote kwa mtu mmoja? Subirini, kesho atatokea mwenzake na namba ya simu ya kuuza hivyo vidonge. Mods fungeni uzi.

Msuli Usiku: Chai gani mkuu? Hapa naandika mikono inatetemeka. Mtihani keshokutwa, nikilala leo mada zilizobaki atazisoma nani?

Tabibu Mtarajiwa: Inatetemeka tangu lini? Moyo nao unaenda mbio? Mtihani weka pembeni. Nenda zahanati ya chuo sasa hivi, na hiyo pakiti uibebe waione.