Droni kwenye maporomoko ya Sheldrick: ziruhusiwe au zibaki langoni?

Mpiga picha wa Tudor (mwanzisha mada)

Asalaam aleikum, na wengine hamjambo. Naleta hoja ambayo najua itanigombanisha na wenzangu wa kazi. Likizo ikifika, vijana wa Mombasa hujaza gari, wakavuka Likoni au wakapita Dongo Kundu, wakakata kona Kombani kuelekea Kwale, safari ya hifadhi ya Shimba Hills. Wengi hawafuati palahala, yule swala mkubwa wa pembe ndefu, ijapokuwa hakuna mahali pengine Kenya nzima utakapomwona palahala mwituni. Wanafuata maporomoko ya Sheldrick, maji yanayodondoka zaidi ya mita 20 katikati ya msitu. Na siku hizi wakija kutaka ushauri hawaulizi wabebe lenzi gani. Wanauliza droni itapitaje langoni.

Msimamo wangu: kamera sawa, simu sawa, droni isirushwe pale hata na mwenye kibali. Na kabla hamjaniita mtu wa kale, droni ninayo na ndiyo inayonilisha. Harusi za ufukweni na matangazo ya hoteli siyafanyi bila hiyo.

Kuhusu sheria tuelewane kwanza, maana watu huchanganya. Bunge lilizifuta kanuni za mwanzo mwaka 2018, zikaja nyingine 2020. Droni isajiliwe KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, na isipande juu ya futi 400 kutoka ardhini. Kwa hivyo anayesema droni ni haramu Kenya amepitwa na wakati. Lakini karatasi ya KCAA haifungui lango la hifadhi. Mle ndani KWS, shirika la wanyamapori, wana ruhusa yao wenyewe, na bila hiyo hairuki. Nauliza: hata hiyo ruhusa, kwa pale bondeni, itolewe ya nini?

Sababu yangu ya kwanza mtaibeza. Ukiyatazama kutoka juu, maporomoko yale ni mstari mweupe uliofichwa na miti. Utamu wake uko chini. Simama kando ya bwawa siku ya mawingu, kamera juu ya tripodi, ISO 100, shata uiache wazi robo sekunde au nusu. Maji yatashikana yalainike, huku mawe yakibaki makali. Funga filta ya polaraiza uizungushe taratibu: ule mng'ao wa majani yaliyolowa unaondoka, kijani chenyewe kinatokea. Jua la saa sita ni balaa, maji yanaungua meupe pe na vivuli vinakuwa vyeusi tii. Na kitambaa kikavu usibebe kimoja, kwa sababu rasharasha itakujazia matone kwenye lenzi kila baada ya picha mbili tatu. Droni haikupi hayo. Ikisogea karibu inalowa, ikikaa mbali inapiga miti.

Ya pili ndiyo inayoniuma. Njia ya kushuka ni kama kilomita mbili, na huteremki peke yako. Unafuatana na askari wa KWS mwenye bunduki, kwa sababu ya ndovu. Hebu mtazameni yule askari anavyotembea. Msitu ni mzito, haoni mbali. Anasikiliza: tawi limevunjika wapi, mbega wamenyamaza kwa nini. Masikio yake ndiyo ulinzi wenu. Sasa wewe unamwashia propela nne juu ya kichwa.

Haya, nipingeni.

Rubani wa Nyali

Kaka, nakuheshimu, lakini hoja yako ya kwanza ni ladha ya mtu, si sababu ya kupiga kitu marufuku. Wewe wapenda maji yaliyolainika. Mie napenda kuona mto unatoka wapi na unakwenda wapi. Kuna mtu Kongowea anafungua bomba asijue kwamba chemchemi za Marere, zilizomo kwenye vilima hivyo hivyo vya Shimba, zinainywesha Mombasa tangu wakati wa Mwingereza. Picha yako ya bwawani haimwonyeshi hilo. Ya juu itamwonyesha msitu unapoishia na mashamba yanapoanzia, bila hotuba ya mtu. Nani atautetea msitu ambao hajawahi kuuona wote kwa pamoja?

Hilo la masikio ya askari sina jibu la haraka. Lakini mbona wakija watengenezaji filamu kutoka ng'ambo, na masanduku yao, milango inafunguka? Wanalipa ada, wanapiga, wanaondoka, nasi tunakuja kuiona Shimba kwenye televisheni zao. Ukimwambia kijana wa Mombasa "hapana", mwambie hivyo hivyo na mgeni mwenye barua.

Mpiga picha wa Tudor

Nimeandika "hata na mwenye kibali". Soma tena, yakhe.

Dereva wa Likoni

Mie dereva tu. Mteja akiona kwenye simu maji yamepigwa kutoka juu, ndipo anapouliza gari bei gani. Hizo za shata nusu sekunde mnaonyeshana wenyewe kwa wenyewe. Mkifunga, mjue mnafunga na tumbo la mtu.

Mtaita wa Bamburi

Namuunga mkono wa Tudor, kwa sababu ambayo hakuitaja. Kwetu ni Sagalla, karibu na Voi, mpakani mwa Tsavo East. Kule kuna wakulima waliozungushia mashamba mizinga ya nyuki iliyoungwa kwa waya. Ndovu akigusa waya mizinga inatikisika, nyuki wanatoka, naye anageuza. Mtafiti Lucy King ndiye aliyeijenga mbinu hiyo hapa Kenya, na sasa iko nchi nyingi. Walichokiona mapema ni kwamba ndovu hukimbia hata sauti ya nyuki iliyorekodiwa, bila nyuki wenyewe.

Sasa niambieni droni inaliaje. Tanzania askari wa wanyamapori wamezitumia makusudi kuwaondoa ndovu mashambani, na wanaondoka kweli. Hicho mnachokiita kifaa cha picha, kwake yeye ni kitu cha kukimbiwa. Na akimbilie wapi? Shimba si Tsavo. Uzio umezunguka sehemu kubwa, na mwaka 2005 KWS waliwahamisha ndovu wengi kuwapeleka Tsavo East kwa sababu nafasi haikutosha. Ndovu akishtuka msituni anaweza kufuata njia iliyo wazi. Njia iliyo wazi ni hiyo mnayoteremkia na watoto wenu.

Rubani wa Nyali

Zile za kufukuzia ndovu zinashushwa karibu nao kwa kusudi. Ya picha inakaa juu ya maji, si sawa. Lakini sitabisha sana.

Nishangae tu kwamba shida iliyo kubwa zaidi pale hakuna aliyeitaja. Ukiingia kwenye bonde lililofunikwa na matawi, droni inapoteza setilaiti zinazoijulisha iko wapi. Inabaki kutegemea vihisi vya tumboni, navyo vikitazama maji yanayokwenda vinadanganyika, chombo kinaanza kuyafuata maji. Mawasiliano yakikatika, chenyewe hupanda hadi kimo ulichokiwekea ndipo kirudi kilikotoka. Kinapopanda kinakutana na tawi. Mwenyewe sasa anataka kuingia msituni kukitafuta, askari anamkataza, wanagombana mbele ya wageni, na betri ya lithiamu imeshalala mtoni. Anayejua kazi hubadilisha mpangilio huo kabla hajarusha, ili mawasiliano yakipotea chombo kisimame hapo hapo kilipo. Wangapi wanajua? Wengi wameinunua wiki ile ile. Ndiyo maana nasema tubane leseni na mafunzo. Marufuku inamzuia mwenye adabu. Asiye na adabu ataificha kwenye mkoba wa chakula.

Mpiga picha wa Tudor

Marekani walizipiga marufuku kwenye hifadhi zao za taifa mwaka 2014, na ni nchi yenye marubani wa droni wenye leseni wengi kuliko sisi. Leseni inakufundisha kutoiangusha. Haikufundishi kunyamaza.

Dada wa Majengo

Mnazungumza ndovu na setilaiti. Nami nazungumza bwawa.

Pale chini watu huoga. Sisi wanawake tukienda kundi letu, tunamwomba askari asogee kidogo, tunahakikisha hakuna mtu, ndipo tunavua mabuibui tukaingia na madira yetu. Mtu akija kwa miguu tunamsikia kabla hajafika, tunajisitiri. Mwenye kamera namwona usoni, namwambia weka chini, na akiwa ana mama yake ataweka. Droni nitaiambia nini? Mwenyewe yuko kilimani, simjui jina wala sura, nami nimelowa maji nikitafuta pa kujificha chini ya jiwe.

Msiniambie kuna sheria. Najua ipo, Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Mwaka 2023 klabu moja Nairobi ilipigwa faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake. Vizuri sana. Lakini faini inakuja baada ya mtaa mzima kushakuona. Binti wa Majengo akishaonekana hivyo, shilingi hazimfuniki. Na hilo mbona katika maneno yote hayo, wapiga picha wawili wakubwa, hakuna aliyelifikiria?

Rubani wa Nyali

Dada, hapo sina la kujibu.

Bi Mkubwa wa Kisauni

Wanangu, niruhusuni. Habari za maji yale nimezisikia tangu ujana na sijayatia machoni. Sasa magoti haya hayanipeleki. Kushuka kilomita mbili ningejikaza, kupanda ndiko kutakakoniua. Mjukuu wangu alinionyesha kwenye simu yalivyopigwa kutoka hewani, nikaona msitu wote, nikasema subhanallah. Nyinyi wenye miguu mnagombania utulivu wenu. Sisi tusio na miguu tubaki kusimuliwa?

Mpiga picha wa Tudor

Shikamoo, Mama. Hoja yako ni nzito kuliko zote za hawa. Lakini sikiliza: video ya droni haina sauti ya maji. Droni nyingi hazirekodi sauti, na hata zingerekodi ungesikia propela, ndiyo maana huwekewa muziki. Mjukuu akishuka na simu mkononi, akakupigia video ukasikia mngurumo wenyewe, naona amekufikisha karibu zaidi.

Bi Mkubwa wa Kisauni

Marahaba, mwanangu. Ya simu alinionyesha pia. Inatikisika hata nikashikwa na kisunzi.

Mdigo wa Kwale

Nimewasoma wote. Tudor, Nyali, Bamburi, Majengo, Likoni, Kisauni. Msitu uko Kwale, na hakuna hata mmoja aliyeuliza Kwale wasemaje.

Niwaambie mambo mawili. Ndani ya hifadhi hiyo mnayoigombania kuna Longo Magandi, msitu wa kaya, yaani msitu mtakatifu wa wazee wetu. Kwetu kaya si mandhari. Kaya za Mijikenda ziliingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2008, lakini kabla ya UNESCO zilikuwa na wazee wake. Nendeni Kaya Kinondo, pale Diani, muone mambo yanavyoendeshwa: mgeni anafungwa kaniki kiunoni, anatembea na mwenyeji, anaambiwa hapa piga, hapa usipige, naye anatii. Watalii wanalipa na hawalalamiki. Chombo kinachopita juu hakifungwi kaniki. Kitapiga pale ambapo hata mimi mwenyeji siingii bila ruhusa, na anayekirusha hatajua amepita wapi.

La pili litawashangaza. Droni zenyewe sizichukii. Sisi tunaopakana na uzio tunalala na tochi msimu wa mahindi. Huyo wa Bamburi amesema Tanzania wanazitumia kuwaondoa ndovu shambani. Zileteni huku, usiku ndovu wakivunja uzio, tuone nani ataziita usumbufu. Lakini za kuonyeshana maji Instagram zina makundi ya watu wa kuzitetea, na za kuokoa debe langu la mahindi sijasikia hata mtu mmoja.

Dereva wa Likoni

Hapo kweli.

Rubani wa Nyali

Basi niseme ninachoweza kukikubali. Mwenye leseni tu. Asubuhi, kabla ya kundi la kwanza kushuka, askari akishakagua. Irushwe kutoka kilimani na isishuke chini ya vilele vya miti. Upande wa Longo Magandi uwekewe mpaka kwenye ramani ya chombo chenyewe, ikifika hapo isimame. Hilo kiufundi linawezekana. Na ada iandikwe langoni, ijulikane ya mwenyeji na ya mgeni.

Mpiga picha wa Tudor

Juu ya vilele, asubuhi, bila mtu bwawani: hilo nitakaa nawe tulijadili. Chini ya vilele hunipati.

Mtaita wa Bamburi

Asubuhi mapema mara nyingi ndovu wako kwenye nyasi za juu, kule kule kilimani unakotaka kurushia. Unaitoa shida bondeni kuipandisha kileleni.

Dada wa Majengo

Na wanawake wakiwa wamewahi kushuka asubuhi hiyo, kauli ya mwisho ni ya nani? Yako wewe mwenye leseni?

Mdigo wa Kwale

Na ada hiyo, ngapi inabaki Kwale?

Rubani wa Nyali

La ada waulizwe wenye kuipokea, mie sina mamlaka nalo. La ndovu nakubali: askari akisema wako kilimani, siku hiyo hairushwi, hata kama nimelipa. La dada ni hivyo hivyo, kauli ni ya askari, na rimoti ikae kwake kuanzia langoni. Asiponipa, sirushi.

Dada wa Majengo

Basi liandike hilo la rimoti liwe la kwanza, ulipeleke KWS na sahihi yako chini. Hapa umeshatuambia.